Mwongozo kamili wa kuchagua betri mpya za kuchaji kwa simu ya mezani isiyo na waya

Tangu kaskazi ianze kuvuma nimeletewa mikonga sita ya simu za mezani zisizo na waya hapa nyumbani Chumbageni, mjini Tanga. Mmoja ulitoka nyumba ya wageni kule Raskazone, mwingine ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari, na mingine ilitoka majumbani kwa watu wazima ambao simu hiyo ndiyo wanayoizoea. Mitano kati ya hiyo sita ilikuwa na kisa kimoja: mwenye simu alikuwa amekwisha kununua betri mpya na kuziweka, lakini mkonga ukazima kabla ya magharibi.

Simu zenyewe zilikuwa nzima. Betri ndizo zilizochaguliwa kwa umbo tu, au kwa namba kubwa iliyochapwa juu yake, ilhali mambo yanayoamua ni manne na yana mpangilio wake: aina ya betri, volti, ukubwa, kisha uwezo wa kutunza chaji. Ukianza na la mwisho ukasahau la kwanza, utanunua mara mbili, na unaweza kuiharibu simu.

Vitu vya kuandaa

- Mkonga wa simu pamoja na kitako chake cha kuchajia.
- Betri za zamani, hata kama zimekufa kabisa. Usizitupe kabla ya kununua mpya.
- Bisibisi ndogo ya nyota, iwapo mfuniko umefungwa kwa skrubu.
- Ufutio wa penseli, pamba na spiriti kidogo.
- Siki nyeupe au ndimu, kwa simu iliyovujiwa na betri.
- Mita ya kupimia umeme, kama unayo. Inasaidia, ingawa kazi inaweza kufanyika bila hiyo.
- Plasta ya karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba betri ndiyo yenye tatizo

Betri iliyochoka hujulikana kwa tabia yake. Mkonga huonyesha chaji imejaa ukiwa kwenye kitako, kisha dakika mbili au tatu baada ya kuanza kuzungumza hulia mlio wa kuonya na kuzima. Ukiurudisha kwenye kitako, baada ya muda mfupi unaonyesha tena kwamba umejaa. Hii ni kwa sababu betri iliyozeeka hujaa upesi kama kikombe kidogo, na kama kikombe kidogo huisha upesi.

Ikiwa mkonga hauwaki kabisa wala hauonyeshi alama ya kuchaji unapouweka kwenye kitako, usikimbilie dukani. Hapa pwani hewa ina chumvi, na vile vipande vidogo vya chuma vinavyopitisha chaji hushika kutu ya kijani. Mkonga wa Raskazone ulikuwa hivyo: kitako kilikaa karibu na dirisha linalotazama bahari, na nilipovisugua vipande vile kwa ufutio, vumbi la kijani lilidondoka juu ya karatasi na chuma kikang'aa. Mkonga ulianza kuchaji hapo hapo. Betri zake hazikuwa na kasoro yoyote.

Vilevile, simu inayowaka vizuri lakini inasema haioni kitako, au inayokwaruza sauti, ina tatizo jingine ambalo betri mpya hazitaliondoa.

Hatua ya 2: Toa betri na usome maandishi yake yote

Chomoa kitako kwenye umeme, fungua mfuniko wa nyuma ya mkonga, na kabla ya kutoa chochote piga picha jinsi betri zilivyokaa. Angalia kila betri upande wake wenye chuchu umeelekea wapi.

Utakuta mojawapo ya mambo matatu. La kwanza, na ndilo la kawaida katika simu za miaka ya karibuni, ni betri mbili nyembamba zinazofanana na zile tunazoziita betri za rimoti. La pili ni pakiti ya betri tatu zilizofungwa pamoja kwa plastiki, zenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na kiplagi kidogo cheupe. La tatu ni betri moja bapa, kama ya simu ya mkononi.

Andika kwenye karatasi kila kilichochapwa: herufi za aina, volti, namba iliyo mbele ya herufi mAh (kipimo cha uwezo wa kutunza chaji), na namba ya modeli ikiwapo. Kisha tazama ndani ya chumba cha betri, kwa sababu mara nyingi mtengenezaji ameandika mle aina na volti anazozitaka. Maandishi ya mle ndani yana nguvu kuliko yaliyo juu ya betri uliyoikuta, kwani huenda mtu aliyekutangulia alikosea.

Hatua ya 3: Linganisha aina kabla ya jambo jingine lolote

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nakuomba usome taratibu.

Betri za simu hizi ni za kuchaji, na karibu zote ni za nikeli. Zilizochapwa NiMH ndizo zinazouzwa leo. Zilizochapwa NiCd ni za nikeli na kadmiamu, hupatikana katika simu za zamani, na kadmiamu ni sumu. Simu iliyokuja na NiCd na inayochaji taratibu kwa kawaida hupokea NiMH yenye volti na ukubwa uleule, isipokuwa kama mwongozo wake au maandishi ya ndani yanakataza.

Betri ya kawaida ya rimoti, iwe ya alkali au ile ya bei ya chini kabisa, ina umbo lilelile. Inaingia bila kulazimishwa, mkonga unawaka, na mnunuzi anaridhika. Hatari inaanza pale mkonga unaporudishwa kwenye kitako. Kitako hakina macho ya kutambua kilichowekwa, kwa hiyo kinaisukumia chaji betri ambayo haikutengenezwa kuchajiwa. Ndani yake hujaa gesi, gamba hufura, na maji makali yenye potasiamu hutoka na kula springi na nyaya. Mkonga wa mama yangu uliharibika hivyo. Niliufungua nikakuta ukoko mweupe kama chumvi ya jiwe umeizunguka springi, na springi yenyewe ilikatika nilipoigusa kwa kidole. Betri nilikuwa nimenunua mimi mwenyewe, kwa haraka, jioni moja ambapo duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefungwa.

Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kutazama volti na namba ya ukubwa. Betri ya kuchaji ya nikeli imechapwa volti 1.2, na ya alkali imechapwa 1.5. Katika betri nyembamba, HR03 ni NiMH, KR03 ni NiCd, LR03 ni alkali, na R03 isiyo na herufi nyingine mbele ni betri ya kawaida isiyochajiwa. Namba hizi ni ndogo sana, na mwanga wa madukani mara nyingi hautoshi, kwa hiyo tumia tochi ya simu yako.

Onyo la lithiamu. Siku hizi kuna betri za umbo la rimoti zilizochapwa volti 3.7. Ukiweka mbili mahali palipotengenezwa kwa volti 2.4, umeipa simu volti 7.4, na kitu kitaungua. Zipo pia za lithiamu zilizochapwa volti 1.5, zenye tundu dogo la kuchomeka waya wa chaja ubavuni. Hizo huchajiwa kupitia tundu hilo peke yake, na kitako cha simu hakiwezi kuzijaza.

Onyo la pili linawahusu wenye simu za mezani zinazotumia kadi ya simu kama simu ya mkononi. Hizo kwa kawaida zina betri bapa ya lithiamu ya volti 3.7. Pakiti ya NiMH ya betri tatu ina volti 3.6, na fundi asiyejali anaweza kukwambia kwamba tofauti ni ndogo, moja kwa nyingine sawa. Si sawa hata kidogo. Betri ya lithiamu ya aina hiyo ni lazima ikatiwe chaji inapofika volti 4.2, ilhali kitako cha NiMH huendelea kusukuma chaji ndogo usiku na mchana. Kuweka lithiamu kwenye kitako cha nikeli ni kuleta moto ndani ya nyumba. Betri bapa inunuliwe kwa namba ileile ya modeli, na ikiwa imefura, acha kuichaji leo.

Utajua umefaulu katika hatua hii ukiwa na maneno mawili tu kwenye karatasi yako, kwa mfano: NiMH, betri mbili.

Hatua ya 4: Volti na ukubwa

Hesabu ni nyepesi. Betri mbili za volti 1.2 zinaleta 2.4, na tatu zinaleta 3.6. Pakiti mpya iwe na jumla ileile ya pakiti ya zamani.

Betri nyembamba ya rimoti ina kipenyo cha milimita 10.5 na urefu wa milimita 44.5. Ile nene kidogo, ya saa ya ukutani, ina milimita 14.5 kwa 50.5. Simu chache za zamani zina pakiti ya betri nene lakini fupi, yaani theluthi mbili ya urefu wa kawaida, kwa hiyo nenda na pakiti yenyewe dukani ukailinganishe juu ya meza. Pakiti iliyozidi milimita mbili tu itauzuia mfuniko kufunga, na mfuniko usiofunga huleta mguso wa kubahatisha.

Kwa pakiti yenye nyaya kuna jambo la ziada. Kiplagi kinaweza kufanana na kuingia vizuri, huku nyaya zimepangwa kinyume. Weka kiplagi cha zamani na kipya ubavu kwa ubavu, meno yakitazama upande mmoja, na uhakikishe kwamba waya mwekundu uko upande uleule. Ukikuta kinyume, usichomeke.

Mafundi wetu wa mjini wanaweza kuunga pakiti mpya kwa betri tatu za kawaida, na kazi hiyo inakubalika kwa sharti moja: betri ziwe na masikio ya bati yaliyochomelewa kiwandani. Risasi ya kulehemu ikiyeyushwa moja kwa moja juu ya betri huunguza mpira unaoziba kichwa chake, na betri hiyo itavuja baada ya muda.

Hatua ya 5: Uwezo, na udanganyifu wa namba kubwa

Namba iliyo mbele ya mAh inaeleza betri inaweza kutunza chaji kiasi gani. Betri nyembamba zinazokuja na simu hizi kwa kawaida zina kati ya 400 na 800. Ni kweli kwamba namba kubwa zaidi huleta muda mrefu zaidi wa mazungumzo, lakini hilo lina mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni kitako. Tuseme kitako chako kinachaji kwa miliampea 80. Betri ya 600 itahitaji saa 7 na nusu, na ukiongeza kama asilimia 40 kwa ajili ya nguvu inayopotea njiani, inakuwa saa 10 na nusu. Betri ya 1,000 kwenye kitako hichohicho itahitaji saa 17 na nusu. Baadhi ya simu huhesabu muda na kukata chaji kabla hazijajaa, kwa hiyo ule uwezo wa ziada ulioulipia hautumiki. Na nyumba ambayo umeme hukatika jioni, mkonga haupati saa hizo mfululizo. Zaidi ya hapo, betri za uwezo wa juu kabisa kwa kawaida huvumilia mizunguko michache ya kuchajiwa kuliko za wastani. Ushauri wangu ni kuchagua uwezo ulio sawa na wa zamani au uliozidi kwa theluthi moja hivi. Aliyekuwa na 600 achukue hadi 800, naye atakuwa na simu ya kuaminika.

Mpaka wa pili ni ukweli wa maumbile. Betri nyembamba ya NiMH haizidi sana 1,100, kwa sababu chuma kinachoingia humo hakina nafasi zaidi. Ukiona betri ya rimoti imechapwa 1,800 au 3,000, namba hiyo ni ya uongo, na muuzaji anayeweza kudanganya namba moja hana sababu ya kuaminiwa kwa nyingine. Betri nene ya saa ya ukutani nayo haifiki 3,000.

Kipimo kizuri cha kuigundua ya bandia ni uzito. Betri nyembamba ya NiMH ya kweli yenye 800 ina uzito wa gramu 12 hivi. Nimewahi kumwomba sonara wa jirani anipimie mbili zilizochapwa 1,500 kwenye mizani yake ya dhahabu, na kila moja ilikuwa na gramu 8. Mizani ndogo ya mapishi ya keki pia inatosha ukizipima zote mbili kwa pamoja.

Hatua ya 6: Kununua

Nenda na karatasi yako pamoja na betri ya zamani, na usimwombe muuzaji "betri za kodilesi" bila maelezo, kwa maana atakupa zinazoingia. Sema hivi: "Naomba betri za kuchaji za NiMH, volti moja nukta mbili, saizi ya rimoti, uwezo mia saba au mia nane." Muuzaji anayeijua kazi yake atakuelewa mara moja. Anayekupa za alkali huku akisisitiza kwamba ni zilezile, mshukuru na uende duka la pili.

Nunua zote kwa pamoja, chapa moja, uwezo mmoja, na ikiwezekana kutoka kifurushi kimoja. Betri zilizounganishwa kwa mfuatano hushirikiana mzigo. Iliyo dhaifu huisha mwanzo, mwenzake anaendelea kuisukuma, na hufikia hatua ya kugeuzwa chanya kuwa hasi, jambo linaloiua. Kubadilisha moja na kuacha nyingine ya zamani ni kuipoteza bure ile mpya.

Tafuta zile ambazo kifurushi chake kinasema zimekwisha kuchajiwa kiwandani. Hizo hupoteza chaji polepole zinapokaa, na katika joto letu la Januari na Februari tofauti inaonekana, kwa sababu joto huharakisha upotevu huo katika betri za NiMH za kawaida. Kama tarehe ya kutengenezwa imechapwa, acha zilizokwisha kukaa miaka mingi kwenye rafu ya kioo inayopigwa na jua.

Mwenye mita apime dukani kabla ya kulipa. Betri ya NiMH iliyo hai husoma kati ya volti 1.2 na 1.3. Iliyo chini ya 1.0 imekaa mno.

Hatua ya 7: Kusafisha kabla ya kuweka

Sugua kwa ufutio springi, vibati vya ndani na vipande vya kuchajia vya mkonga na kitako, kisha pitisha pamba yenye spiriti na uache dakika 10 zikauke. Kitako kiwe kimechomolewa.

Ukikuta ukoko mweupe wa betri ya alkali, usiuguse kwa mkono mtupu wala kuupuliza, kwani unachoma ngozi na macho. Weka tone la siki au la ndimu kwa kijiti cha pamba, utaona povu dogo, kisha futa kwa pamba yenye maji kidogo na ukaushe vizuri. Usikaushe juani wala karibu na jiko.

Hatua ya 8: Kuweka na chaji ya kwanza

Rejea picha uliyoipiga, weka betri upande sahihi, na ufunge mfuniko mpaka usikie mlio wake. Baadhi ya simu zitakuuliza kwenye kioo kama betri ni mpya au ni za aina gani. Jibu kwa usahihi, maana kipimo cha chaji hutegemea jibu hilo.

Sasa weka mkonga kwenye kitako na uuache saa 16. Ukiuweka saa kumi alasiri, usiunyanyue mpaka saa mbili asubuhi, hata kama kioo kinasema umejaa baada ya saa moja. Simu bado inakumbuka betri iliyokufa na haijajua kipimo cha hii mpya. Umeme ukikatika usiku, ongeza saa zilizopotea.

Baada ya nusu saa gusa mgongo wa mkonga. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ukiwa wa moto kiasi cha kushindwa kuukamata, chomoa kitako, toa betri na urudi hatua ya 3, kwa sababu huenda aina au upande umekosewa.

Hatua ya 9: Kupima kama umefaulu

Toa mkonga kwenye kitako asubuhi, uuweke mezani ndani ya nyumba bila kuutumia, na uutazame kesho yake saa ileile. Betri nzima ya uwezo wa 700 au 800 itakuwa bado inaonyesha chaji ya kutosha. Kisha uchajie, na umpigie ndugu ambaye mazungumzo naye hayaishi upesi: nusu saa ya maongezi isilete mlio wa kuonya.

Kipimo cha kioo kikiyumba siku mbili tatu za mwanzo, usihangaike. Tumia mkonga mpaka ulie wenyewe, uchaji hadi ujae, na urudie mara mbili. Baada ya hapo kipimo kitatulia. Mkonga ukizima ndani ya dakika chache hata baada ya hayo, na vipande vya kuchajia ni visafi, betri hizo zirudishe dukani mapema, ukiwa na risiti.

Betri za zamani na tarehe

Zibandike plasta kwenye ncha zote mbili na uzihifadhi katika kopo la plastiki lenye mfuniko, mbali na watoto. Usizichome pamoja na takataka za uani, hasa zilizochapwa NiCd, kwa sababu moshi na majivu yake yana kadmiamu, nayo ardhi ile ile ndiyo tunayopandia mchicha.

Mwisho, kata kipande cha plasta ya karatasi, andika mwezi na mwaka pamoja na aina na uwezo wa betri, ukibandike ndani ya mfuniko. Betri nzuri za NiMH katika simu inayotumika kila siku hudumu miaka miwili hadi mitatu. Mkonga wa mama, baada ya kubadilishiwa springi na fundi, sasa una kipande hicho, kimeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: NiMH, 1.2, mbili, 750.